Nyumba ya Maumbo Matatu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Nyumbani, kazini, hata kwa muuza maji wa mtaani, alikuwa Mdogo. Kaka yake ndiye aliyemwita hivyo tangu siku alipoletwa kutoka hospitali amefungwa kwenye shuka, na kaka akishampa mtu jina, basi limepigwa mhuri. Mvi zilishaanza kumchungulia juu ya masikio, goti la kushoto lilishaanza kulalamika akipanda ngazi, na bado wateja waliingia wakauliza, "Mdogo yupo?" Naye alikuwepo. Hakukuwa na siku hata moja ambayo hakuwepo.

Alikuwepo kule nyuma. Karakana ya kaka yake ilitengeneza mabango na stika. Mbele kulikuwa na kaunta na mlango wa kioo, katikati mashine mbili, moja ya kuchapa na nyingine ya kukata, na nyuma kabisa chumba kilichokuwa stoo kabla hakijawa ofisi ya Mdogo. Humo mlikuwa na kompyuta, feni, na kiti kilichopoteza mkono mmoja. Dirisha lilikuwepo zamani. Kaka aliliziba kwa matofali ili jua lisimsumbue mdogo wake kwenye skrini, akafanya kazi hiyo Jumapili nzima kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaupaka ukuta rangi ya maziwa ili upendeze. Mtu wa namna hiyo ukitaka kumlaumu, utaanzia wapi?

Maana kaka huyo hakuwa mtu wa mchezo. Wazazi wao walipofariki mmoja baada ya mwingine, yeye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza, na Mdogo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Ndugu walikaa kikao sebuleni wakaanza kumpangia mtoto kwa kwenda, kama watu wanaogawana vyombo. Kaka alisimama mlangoni, mikono kaitanua, akasema mtoto haondoki. Wakamcheka. Akaacha shule, akajifunza kukata herufi za mabango kwa kisu, akamsomesha, akamsuka nywele mwenyewe mpaka mtoto akawa anakwenda darasani na mafundo ya kutisha, akaenda vikao vya wazazi akiwa na umri wa kukaa na wanafunzi. Mtoto hakuondoka. Miaka ikapita, kaka akaoa, karakana ikakua, na lile neno la mlangoni likabaki palepale, hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Mdogo alilala chumba cha uani nyumbani kwa kaka, mtaa wa nyuma ya tangi la maji. Asubuhi aliingia gari la kaka, jioni alirudi nalo. Mbele alikaa kaka na mkewe, yaani wifi yake Mdogo. Nyuma alikaa Mdogo na maroli ya karatasi ya stika iliyoviringishwa, roli moja mapajani, jingine likimgonga shavu kila kona. Gari lenyewe lilikuwa tangazo linalotembea: kaka alilibandika stika kutoka boneti hadi buti, na madirisha ya nyuma yote mawili yalizibwa na namba za simu za karakana na picha ya jua linalochomoza. Kwa hiyo safari ya Mdogo, kwenda na kurudi, ilikuwa giza la rangi ya buluu na sauti za watu asiowaona.

Jua hilo linalochomoza ni habari nyingine. Kaka alilipenda mno. Kila bango lililotoka mikononi mwake lilikuwa na jua nyuma ya maandishi, nyota pembeni, na herufi zenye kivuli mpaka ukahisi zinakudondokea. Hata fundi wa majeneza alichomozewa jua. Mdogo akithubutu kuacha nafasi tupu kwenye mchoro, kaka aliinama juu ya bega lake akaigonga skrini kwa ukucha.

"Hapa pana nini?"

"Hapana kitu, kaka. Macho yapumzike."

"Mteja halipii macho yapumzike. Jaza."

Basi alijaza. Mwaka ukaisha, akajaza. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi, lakini kilikuwa kipaji kilichofungiwa stoo pamoja na mwenyewe, na alishaanza kukizoea kifungo kile kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, anatembea nacho tu akisubiri kidole kife ganzi.

Kikundi cha simu alikiokota kwa bahati. Kiliitwa Maumbo Matatu, na aliyekiongoza ni mama mmoja wa mji mwingine, mchoraji wa vitabu vya watoto, ambaye wote walimwita Mwalimu. Kila Jumatatu Mwalimu alituma faili moja la programu ya kuchorea, na ndani yake mlikuwa na vitu vitatu tu: duara, mraba, pembetatu. Kisha alitoa neno. Washiriki walitakiwa kulichora neno hilo kwa maumbo hayo matatu, nyeusi na nyeupe, bila kuongeza la nne. Unaweza kulisogeza umbo, kuligeuza, kulilaza juu ya jingine, kulikata kwa jingine. Kitu kimoja kilikuwa mwiko kabisa: kubadilisha ukubwa. Umbo lilivyokuja ndivyo linavyobaki. Ukilipunguza hata unywele, Mwalimu alikutoa nje ya wiki hiyo bila kukuonea haya.

Neno la kwanza alilokutana nalo lilikuwa "Mvua". Mdogo alicheka peke yake mbele ya kompyuta. Mvua kwa mraba! Akasogeza, akageuza, akafuta. Akajaribu kuusimamisha mraba kwa kona yake, akaupachika pembetatu kichwani, akapata kitu kinachofanana na samaki aliyekasirika. Alihangaika siku tatu, na alipofanikiwa hatimaye, jasho jembamba lilikuwa linamtoka. Alichora mtu asiye na mwavuli: duara la kichwa limesogea mbele ya mwili kidogo tu, basi, na huo mwinamo ukatosha kukulowesha.

Wiki nyingine likaja "Jirani mbeya". Akalikata duara nusu, akaliweka juu ya mraba, na hapo hapo ukamwona mama wa watu anachungulia juu ya ukuta, masikio hayaonekani lakini unajua yapo. Kikundi kizima kilivunjika mbavu. Mwalimu aliandika: "Huyu namfahamu, anaishi karibu na kwangu." Mdogo aliisoma sentensi hiyo mara nyingi siku ile, akiwa amejifungia chooni, na alikuwa na furaha mpaka akaona aibu.

Hili lilimshangaza mwenyewe. Kazini alikuwa na rangi zote za dunia, herufi za kila namna, majua na nyota kibao, na alihisi anakosa hewa. Kwenye maumbo matatu, ambapo kila kitu kilikatazwa, alipumua. Labda ni kwa sababu huko aliyebanwa ni kila mtu, na sheria ilisemwa wazi siku ya kwanza. Kwa kaka hakuna aliyewahi kumwambia hairuhusiwi kuondoka. Ilikuwa tu haijawahi kutokea.

Sasa michoro hiyo aiweke wapi? Kaka alikuwa na tabia ya kupekua kompyuta, si kwa ubaya, kwa mazoea tu ya mwenye mali, na mchoro usio na mteja aliuita kuchezea umeme. Mdogo akabuni ujanja. Kwenye programu ile, vitu hupangwa kimoja juu ya kingine kama karatasi mezani. Ukichora mraba mweupe ukaulaza juu ya picha, picha haionekani tena, na mashine ya kuchapa huchapa ule weupe tu. Basi kila mchoro wake aliuficha ndani ya faili la mteja, chini ya weupe. Mvua ilikuwa chini ya bango la muuza magodoro. Jirani mbeya alikuwa chini ya bango la daktari wa meno. Mji mzima ulikuwa umetundikwa michoro yake, na hakuna aliyeijua ila yeye.

Alijua pia hatari iko wapi. Mashine ya kukata stika si kama ya kuchapa. Yenyewe haina habari na rangi. Inafuata mistari, na mstari uliofichwa chini ya weupe nao ni mstari, kisu kinapita juu yake vilevile. Kwa hiyo kwenye mafaili ya kukata hakuficha kitu hata siku moja. Aliapa.

Kisha likaja neno "Nyumbani".

Wengine walimaliza siku hiyo hiyo. Mraba, pembetatu juu yake, nyumba hiyo, duara likawa jua pembeni. Mdogo aliliangalia jua lile akaona ni lilelile la kaka. Aliliondoa duara angani akaliweka mlangoni. Akaliweka juu ya paa. Akaliweka nyuma ya nyumba, likachungulia kama mtu anayemkwepa mdai wake. Mwishowe alilisukuma likaingia ndani ya mraba. Duara lilikuwa na upana uleule wa mraba, nywele kwa nywele, kwa hiyo liligusa sakafu, likagusa dari, likagusa kuta zote mbili kwa pamoja. Lilikaa humo sawasawa kabisa. Halikuweza kuinua mkono.

Mdogo aliondoa mkono kwenye kipanya na kulia. Hakulia kwa sauti, wifi yake alikuwa kaunta. Kisha akatuma.

Jibu la Mwalimu halikuja kwenye kikundi. Lilikuja kwake peke yake. Mwalimu alisema ana chumba cha kazi chenye wachoraji wachache, kiti kimoja kiko wazi, vitabu vya watoto vimelundikana vinasubiri. Kiti ni chako, aliandika, ukikitaka. Njoo tuishi na tufanye kazi huku. Nipe jibu kabla Ijumaa haijaisha, maana kuna mwingine anasubiri nyuma yako.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kilichohitajika ni sentensi moja tu: kaka, nimepata kazi, nataka kwenda. Maneno machache, mtoto wa chekechea angeyasema.

Jumanne aliyasema vizuri sana, bafuni. Alipotoka, kaka alikuwa mlangoni ameshika taulo lake, akamwuliza mbona amekonda. Jumatano aliamua ayaseme garini, kwa kuwa kaka akiendesha hawezi kumwangalia usoni. Alijikaza kisabuni, akakohoa, akasema, "Kaka."

"Naam."

Roli la stika likamgonga shavu.

"Nini, Mdogo?"

"Hilo roli. Limenigonga."

"Shikilia," kaka alisema. "Halafu nina habari. Nimeongea na fundi. Kile chumba chako cha uani tunakiongeza. Tunasukuma ukuta, unapata sehemu ya kuweka kompyuta ya pili. Usiku ukitaka kufanya kazi, unafanya hapohapo, huna haja ya kutoka hata mlangoni. Unaonaje?"

Wifi aligeuza shingo, akamtazama Mdogo kupitia pengo kati ya viti. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na utani mwingi, lakini safari hii hakutania.

"Umemwuliza kama anataka?" alimwambia mumewe.

"Si ndiyo namwuliza?"

"Umemwambia. Hujamwuliza."

"Ahsante, kaka," Mdogo alisema haraka, kabla watu wawili hawajagombana kwa ajili yake. Na kwa neno hilo Jumatano yake ikaenda na maji. Alijiona mjinga wa mwisho. Nyuma ya lile dirisha la buluu aliuma mdomo mpaka akasikia ladha ya chumvi.

Ijumaa mchana alitumwa benki, jengo la pili tu kutoka karakana. Foleni haikuwa ya kawaida, na wakati amekaa pale akiitazama simu, kule karakanani mambo yalianza kwenda mrama bila yeye. Mwenye duka la miwani alikuja. Mzee huyo alikuwa ameagiza bango la kuchapa, lenye jina lake juu, namba ya simu chini, na katikati weupe mtupu ambao Mdogo, kwa mara ya kwanza maishani, alipambana na kaka mpaka ukaachwa wazi. Sasa mzee amebadili mawazo. Hataki bango tena, anataka stika ya kukata, aibandike kwenye kioo cha duka, na anaitaka leo.

"Hiyo dakika mbili," kaka alisema. Akaingia chumba cha nyuma, akafungua faili, akalituma kwenye mashine ya kukata. Hakuona sababu ya kumsubiri mtu.

Mdogo alirudi alasiri akakuta mashine inafanya kazi. Alisimama mlangoni na pochi mkononi. Kwa masikio yake aliijua mashine ile kuliko alivyojua sauti yake mwenyewe: herufi hukatwa kwa mikwaruzo mifupimifupi, kisu kinaruka, kinarudi. Sasa alisikia mkwaruzo mmoja mrefu, laini, unaozunguka bila kukatika. Hakuna herufi ya namna hiyo. Lile lilikuwa duara.

Weupe wa katikati ya bango la miwani. Nyumbani ilikuwa chini yake.

Angeweza kukimbia akaizime mashine. Hakukimbia. Alikwenda akakaa kwenye kiti chake chenye mkono mmoja, akaangalia ukuta pale palipokuwa na dirisha, akasubiri kuitwa. Alisikia kaka akikata stika kutoka kwenye roli. Alimsikia akichukua kibano na kuanza kuchomoa vipande, taratibu, akipiga mluzi wa chinichini. Mzee wa miwani akapewa stika yake ya jina na namba, akaondoka akiwa ameridhika. Mluzi ukaendelea.

"Mdogo!"

Alikwenda mbele akiburuza miguu kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo, mikono kiunoni, uso unang'aa. Kwenye kioo, mahali ambapo kila mteja angepaona, alikuwa amebandika nyumba. Paa la buluu, mraba wa buluu, na katikati, kwa kisu chake cha zamani na mkono ambao haukuwa umesahau, alikuwa amelitoa duara la buluu na kupachika jekundu mahali pake. Hakuna hata ufa wa kupitisha uzi. Ilikuwa kazi safi mno, kazi ya fundi, na Mdogo alimpenda kaka yake wakati ule kiasi cha kumuumiza kifua.

"Ulitaka kunishtukiza," kaka alisema. "Ukaificha ndani ya kazi ya yule mzee ili niikute mwenyewe. Nakujua! Nimeshtuka kweli. Hii ndiyo nembo yetu kuanzia leo. Kwenye gari, kwenye kadi, kila mahali. Mke wangu, njoo uone nembo!"

"Nembo gani tena?" wifi alisema, lakini alitoka kaunta akaja kuangalia.

"Na hili jekundu ni wewe," kaka aliendelea, akaligonga duara kwa ukucha. "Usinibishie. Ulizaliwa na kichwa cha mviringo hivihivi, mama alikuwa anacheka. Umo ndani, salama, hakuna wa kukugusa. Mwenzio nimeelewa kabla hujanieleza."

Alikuwa ameelewa kila kitu na hakuelewa chochote. Mdogo alifungua mdomo akijua ya kwamba angesema ahsante, kaka, kama siku zote. Lile neno lilishafika kwenye ulimi. Lakini macho yalikuwa kwenye duara, na hapo ndipo alipojisikia anasema kitu kingine.

"Linabanwa."

"Nini?"

"Duara. Linabanwa, kaka. Limegusa kuta zote."

Kaka alisogea karibu na kioo, akakunja macho. Alipinda kichwa upande huu na upande ule, kama anavyokagua kazi yoyote.

"Kweli limejaa kidogo," alikubali. "Basi lipunguze. Kompyuta si unayo? Lipunguze kidogo tu, likae vizuri."

Alisema kwa upole kabisa. Ndiyo maana ilichoma vile. Miaka yote Mdogo alikuwa akitafuta jina la kile alichofanyiwa, na kaka amempa bure, mchana kweupe, akiwa anatabasamu. Wifi aliacha kutabasamu.

"Haliruhusiwi kupunguzwa," Mdogo alisema.

"Haliruhusiwi na nani?"

"Ndiyo sheria yake. Maumbo hayabadilishwi ukubwa. Yanasogezwa tu."

"Sasa lisogee wapi, na nyumba ndiyo hiyo?"

"Nje, kaka."

Na baada ya hapo yalimtoka yote, bila mpangilio, sauti ikimpanda na kushuka. Mwalimu, kikundi, vitabu vya watoto, mji mwingine, kiti kilicho wazi, Ijumaa, ndiyo leo. Alisema kwamba alikuwa anaficha michoro chini ya mabango ya watu kama mwizi. Alisema hajawahi kununua hata sabuni ya kuchagua mwenyewe. Alisema, "Nakupenda, na humu ndani sina hewa." Alipomaliza, kibano cha kaka, sijui alikichukua saa ngapi, kilikuwa mkononi mwake.

Uso wa kaka ulikuwa umezeeka ghafla, na bado ulikuwa uso wa yule kijana wa mlangoni, mikono hajui aiweke wapi.

"Ulikuwa huna kwa kwenda," alisema hatimaye. "Walitaka kukugawa."

"Najua, kaka."

"Nilisema huondoki."

"Najua. Na sikuondoka."

Kaka akageuka, akazima mashine, moja, halafu nyingine. Akachukua funguo.

"Jioni imeingia," alisema kwa sauti isiyo na kitu ndani yake. "Pandeni gari twende nyumbani."

Wifi alitoka kwanza. Mdogo alifungua mlango wa nyuma wa gari, akaona roli la stika limekaa kwenye nafasi yake linamsubiri. Akaurudisha mlango.

"Leo nitatembea," alisema.

Mdogo alishika njia, pochi kwapani. Hakuwa amekwenda mbali aliposikia injini nyuma yake, polepole mno. Aligeuka. Kaka alikuwa anamfuata mwendo wa miguu, taa zimewashwa, gari zima na jua lake linalochomoza likitambaa kando ya barabara. Madereva wa nyuma walipiga honi. Mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza kama wanasindikiza maiti. Kaka hakumjali. Mdogo alikwenda, gari likaenda. Mdogo aliposimama kufunga kamba ya kiatu, gari lilisimama. Hata alichanganyikiwa kama acheke au apige kelele, na alifanya yote mawili kimoyomoyo.

Walipofika penye mzunguko, kaka alivuta gari likawa sambamba naye. Wifi alishusha kioo, akajiegemeza nyuma ili mumewe aweze kuongea.

"Huko," kaka alisema, macho yakiwa mbele, "kuna mtu wa kukurudisha nyumbani jioni?"

Mdogo angeweza kumdanganya, angempunguzia uchungu.

"Hakuna, kaka."

Kaka alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kukuta ni ileile aliyoihofia. Mikono ilishika usukani kwa nguvu. Kisha akakanyaga mafuta. Gari likazunguka, likaingia barabara kuu, jua la nyuma likapungua, likapotea katikati ya magari mengine. Alikuwa amemwacha. Tangu azaliwe, kaka hakuwahi kumwacha mahali popote, na Mdogo alijua ilimgharimu nini.

Alisimama palepale machozi yakimtiririka, hayafuti. Akatoa simu, akamwandikia Mwalimu: "Nakuja." Akatuma kabla moyo haujarudi nyuma. Kisha akainua kichwa aendelee na safari, ndipo akagundua jambo ambalo hakuwa amelifikiria hata kidogo. Mbele yake zilikuwa njia tatu. Miaka yote alikuwa amepita hapa kila asubuhi na kila jioni, na hakuwahi kupaona.

Mama mmoja alikuwa anavuka na ndoo ya nyanya. Mdogo akamsimamisha.

"Samahani, mama. Njia ya kwenda mtaa wa nyuma ya tangi la maji ni ipi?"

Yule mama alitua ndoo, akanyoosha mkono kuelekea njia ya kushoto, kisha akamwangalia usoni, yale machozi, ile pochi.

"Pole, mwanangu. Wewe ni mgeni hapa?"

"Hapana, mama," Mdogo alisema. "Nimezaliwa hapahapa."